Ricky Alikuwa Amefaulu

Katika filamu ya Boyz n the Hood kuna bahasha moja ambayo sijawahi kuizoea. Inaletwa na posta siku ileile Ricky Baker anapouawa kwa risasi kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba za mtaani kwao, Los Angeles. Ricky ana kipaji cha mpira wa Kimarekani, na chuo kikuu cha University of Southern California kimeshamtuma mtu kuja kuzungumza naye sebuleni kwao. Kimebaki kikwazo kimoja, mtihani wa SAT, ule ambao vijana wa Marekani huufanya kabla ya kuingia chuoni. Tangu mwaka 1986 kanuni za michezo ya vyuo vikuu zilimtaka mchezaji wa mwaka wa kwanza awe amepata angalau alama 700. Mama yake anakuja kuifungua bahasha ile wakati kijana ameshakuwa maiti. Ricky amepata 710.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Temeke, Dar es Salaam. Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi huja shuleni hata kama wameshayaona kwenye simu, kwa sababu wanataka kuyasikia kwa mdomo wa mwalimu. Naujua uso wa mama anayeambiwa kuwa mwanawe amefaulu. Ndiyo maana namba ile, 710, inaniumiza kuliko bunduki zote zinazolia katika filamu hii. Wengi wanaoisifu husema ni hadithi ya malezi: kijana aliyepata baba anaokoka, waliokosa baba wanapotea. Mimi nasema bahasha ile inakataa. Ricky alisoma, akafanya mazoezi, akaishika ndoto yake tangu utotoni, akafaulu, akafa. Kinachoonyeshwa pale ni kwamba malezi ya nyumba moja, hata yawe mema namna gani, hayatoshi pale ambapo mtaa mzima umetelekezwa.

Kijana aliyekataa kuuza hadithi yake

Filamu hii ilitoka Julai 1991. Aliyeiandika na kuiongoza, John Singleton, alikuwa na miaka 23 na ndiyo kwanza alikuwa amemaliza masomo ya uandishi wa filamu katika chuo kilekile ambacho Ricky anakiota. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1968. Wazazi wake hawakuishi pamoja. Alikaa kwanza kwa mama, kisha akahamia kwa baba, njia ileile anayopita kijana Tre Styles katika filamu.

Kampuni ya Columbia ilipoutaka mswada, Singleton alisema hauuzi mpaka aongoze mwenyewe. Hakuwa ameongoza filamu ndefu hata moja. Stephanie Allain, mwanamke Mweusi aliyekuwa afisa kijana wa kampuni hiyo, aliupigania mswada ule mpaka wakubwa wakakubali. Bajeti ilikuwa ya dola milioni sita hivi, fedha ndogo kwa Hollywood, na filamu ikaja kuingiza zaidi ya dola milioni 50. Mwaka 1992 Singleton alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya mwongozaji bora, na hadi leo hakuna aliyeteuliwa akiwa mdogo kuliko yeye. Hakushinda. Alifariki Aprili 2019, akiwa na miaka 51, baada ya kupata kiharusi.

Waigizaji wake wengi walikuwa wageni kwenye sinema. Cuba Gooding Jr. aliigiza Tre, Morris Chestnut akawa Ricky. Ice Cube, ambaye watu walimjua kwa muziki wa rap, aliigiza Doughboy, kaka yake Ricky. Laurence Fishburne aliigiza Furious, baba yake Tre, na Angela Bassett akawa Reva, mama yake. Singleton aliipiga filamu mitaani kwa wenyewe, South Central, kusini mwa Los Angeles, na kwa mpangilio wa hadithi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ukiangalia vizuri unamwona mwongozaji huyu kijana anakomaa katika kazi yake kadiri hadithi inavyosonga.

Hadithi yenyewe si ngumu kuifuata. Mwaka 1984 Tre ana miaka kumi. Amepigana darasani, na mama yake, anayehangaika na masomo yake ya juu huku akifanya kazi, anaamua kumpeleka kwa baba. Furious hana maneno mengi ya kumkaribisha. Anampa reki akusanye majani ya uwanjani, kisha anamsomea kazi zake za nyumbani: chumba, sinki, bafu, bustani. Ng'ambo ya barabara wanaishi Ricky na Doughboy na mama yao, Brenda. Miaka saba inapita. Tre anafanya kazi dukani na anasoma. Ricky ni mchezaji mwenye jina na tayari ana mtoto mchanga. Doughboy ndiyo kwanza ametoka jela.

Tulivyoiona Tandika

Mara ya kwanza niliiona katikati ya miaka ya 1990, Tandika, hukuhuku Temeke, kwa kanda iliyokwishachezwa mpaka picha inatetemeka. Kaka yangu mkubwa aliileta na deki ya kukodi, na vijana wa maskani yake wakajaa sebuleni mpaka mlangoni. Kiingereza cha filamu ile hatukukielewa sawasawa, maana si kile cha darasani. Binamu yetu mmoja, aliyekuwa akisikiliza sana rap, alitufasiria anapoweza, na asipoweza alitunga.

Nakumbuka mjadala uliozuka kabla filamu haijafika nusu. Kijana mmoja aliuliza: hawa maskini gani? Kila nyumba ina uwanja wake, ina majani ya kumwagilia, ina gari mlangoni, ndani mna friji na televisheni. Sisi tulikuwa familia nne katika nyumba ya kupanga yenye choo kimoja. Kaka yangu alijibu kuwa Marekani hata shida zao ni za kitajiri. Watu wakacheka, na swali likaishia hapo.

Lakini lilikuwa swali zuri, na nimelibeba miaka mingi. Nyumba zile za South Central zina historia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, Wamarekani Weusi kwa maelfu walitoka majimbo ya Kusini, hasa Texas na Louisiana, wakaja Los Angeles kufuata kazi za viwandani. Sehemu kubwa ya jiji walifungiwa. Hati za nyumba ziliandikwa masharti ya kukataza kumuuzia au kumpangisha mtu Mweusi, na mahakama zikayatekeleza mpaka mwaka 1948, Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataza. Hata baada ya hapo, mabenki na madalali waliendelea na yaleyale kwa njia nyingine. Weusi wakabanana katika eneo moja, lakini angalau baba aliyefanya kazi kiwandani aliweza kununua nyumba yenye kibaraza na majani.

Kisha viwanda vikaondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 vilifungwa kimoja baada ya kingine: vya matairi vya Goodyear na Firestone, cha chuma cha Bethlehem, cha magari cha General Motors kule South Gate. Nyumba zikabaki, mishahara iliyozijenga ikaondoka. Katikati ya miaka ya 1980 ikaingia kreki, kokeini ya kuvuta inayouzwa kwa vipande vidogo vya bei nafuu, na magenge yaliyokuwapo zamani yakapata biashara na silaha. Sheria ya mwaka 1986 ilimpa mtu aliyepatikana na hatia ya biashara ya gramu 5 za kreki kifungo cha lazima cha miaka mitano, kifungo kilekile cha mwenye biashara ya gramu 500 za kokeini ya unga, ambayo ndiyo iliyotumiwa zaidi na wenye fedha. Aprili 1988 polisi wa Los Angeles waliwakamata watu zaidi ya 1,000 katika wikendi moja. Ukiisikiliza filamu bila kuangalia picha utaielewa hali hiyo: helikopta za polisi hazinyamazi, na taa zao zinapita juu ya mapaa usiku ambao watoto wanajaribu kusoma.

Kwa hiyo mtazamaji wa Tandika aliona majani ya kijani akadhani ni utajiri. Umaskini wa mtaa ule ulikuwa katika vitu ambavyo havionekani kwa haraka: kazi iliyoondoka, shule iliyochoka, polisi anayekuja baada ya saa nzima, na duka la pombe na duka la bunduki ambavyo Furious anasema vimewekwa kila kona ili watu wale wamalizane wenyewe.

Baba mwenye maneno

Furious anastahili sifa anazopewa. Hapigi kelele, hapigi mtoto, na kila anachomkataza Tre anamweleza sababu. Anampeleka kuvua samaki na njiani anamuuliza maswali, mtoto anajibu kwa kichwa chake mwenyewe. Akiwa mkubwa, anamchukua yeye na Ricky mpaka Compton na kuwasimamisha chini ya bango linalotangaza kununua nyumba kwa fedha taslimu. Anawaeleza jinsi mtaa unavyoshushwa thamani, watu wakauza kwa hasara, wakaondolewa, kisha ardhi ileile ikauzwa kwa faida. Mzee mmoja anayepita anasema wanaoharibu mtaa ni vijana wenyewe, wanaouza dawa na kupigana risasi. Furious anamuuliza: hizo dawa zinaingiaje nchini, na sisi hatuna ndege wala meli?

Kaka yangu, ambaye siku hizi ni fundi wa magari eneo la Gerezani na baba wa mabinti watatu, anasema Furious anahubiri mno. "Mdogo wangu, baba wa kweli haongei hivyo. Anakuambia mara moja, basi." Sikubaliani naye. Wavulana ninaowafundisha wameshiba amri, wana njaa ya maelezo. Siku ambayo mtu mzima anakaa na kuwaeleza dunia inavyoendeshwa, na kuwauliza wao wanaonaje, ndiyo siku wanayoikumbuka.

Hata hivyo natazama pia alichonacho Furious. Ana nyumba. Ana ofisi yake ya mikopo ya nyumba. Ana mtoto mmoja tu wa kumwangalia. Na nyuma yake yupo Reva, mama mwenye elimu na kipato, ambaye hakumtupa mwanawe; walikubaliana, na aliendelea kumfuatilia. Baadaye Reva na Furious wanakutana mgahawani, na Reva anamwambia kwa upole lakini bila kumficha: ulichokifanya kwa mtoto wetu ni kizuri, ila usijione wa ajabu, kwani akina mama wamekuwa wakikifanya tangu dunia ianze. Nilipokuwa msichana maneno yale yalinipita. Baada ya kuwalea wavulana wawili peke yangu, nikiyasikia huwa nasimamisha filamu kwanza.

Mama wa ng'ambo ya barabara

Nyumba inayonitesa ni ile ya pili, ya Brenda. Tyra Ferrell anaiigiza nafasi ile kwa ukweli unaochoma. Brenda ana watoto wawili wa baba wawili tofauti, na hakuna baba hata mmoja anayeonekana. Brenda anampenda Ricky waziwazi. Lakini anamtukana Doughboy tangu akiwa mtoto, anamwambia hatakuwa lolote, anamfananisha na baba yake ambaye yeye Brenda hamtaki. Na Doughboy anakua kama alivyotabiriwa.

Juzi mama jirani yangu, muuza vitumbua, alikuja tukaitazama pamoja. Brenda alipomtukana mwanawe, alitikisa kichwa akasema: "Unaona sasa, Mwalimu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Methali hiyo tumelelewa nayo wote. Lakini nilimwomba atazame tena sherehe ya kumpokea Doughboy kutoka jela. Nani amepika? Nani amefungua ua wake kwa mtaa mzima? Ni Brenda huyohuyo. Mwanamke aliyechoka, asiyejua kusema maneno mazuri kwa mtoto anayemkumbusha maumivu yake, anasema kwa chakula. Hilo halimsafishi. Maneno aliyomwambia mtoto yalimvunja, na mzazi yeyote anayeitazama filamu hii anapaswa kujisikiliza kinywa chake. Lakini nakataa kuambiwa kwamba Los Angeles ilimuua Ricky kwa sababu mama yake alikuwa peke yake.

Mhakiki wa Kimarekani Michele Wallace aliishutumu filamu hii mapema kabisa kwa jinsi inavyowaonyesha akina mama wanaolea peke yao. Naelewa hasira yake. Katika mtaa ule tunamwona pia mama aliyezama kwenye kreki, mwanawe mdogo akitambaa hadi barabarani na karibu kugongwa na gari. Tre ndiye anayembeba na kumrudisha. Ukizihesabu, nyumba za akina mama zinatoka vibaya na nyumba ya baba inatoka vizuri. Ila mimi naiamini zaidi kamera ya Singleton kuliko somo analotaka tulichukue. Kamera inaonyesha kwamba Ricky, wa nyumba ya Brenda, alifaulu mtihani. Inaonyesha pia kwamba Tre, wa nyumba ya Furious, alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye bunduki ileile iliyomuua Ricky. Walitoka dukani pamoja. Wakaachana kwenye uchochoro, Ricky akikwangua tiketi yake ya bahati nasibu. Wauaji wenye gari jekundu wangeweza kumfuata mwingine.

Polisi mwenye rangi yetu

Kuna afisa wa polisi anayetokea mara mbili. Mara ya kwanza, mwizi ameingia nyumbani kwa Furious, naye amempigia risasi akamkosa. Polisi wanachelewa, na mmoja wao, mtu Mweusi, anasema ni bahati mbaya hukumpata, angepungua mmoja. Miaka saba baadaye afisa huyohuyo anamsimamisha Tre barabarani na kumwekea bastola shingoni bila sababu yoyote, akifurahia kumwona anatetemeka. Tre haongei. Chozi linamtoka. Anakwenda kwa mpenzi wake, Brandi, na mbele yake anarusha ngumi hewani mpaka anaishiwa nguvu, ndipo analia.

Sebule ile ya Tandika ilikaa kimya hapo. Wengi wetu tulitazamia polisi mbaya awe Mzungu. Kijana aliyekuwa ameuliza habari za umaskini alisema taratibu, "Kumbe ni magwanda." Sijasikia uchambuzi bora kuliko huo. Singleton alitaka tuone kwamba mfumo ukishaamua kuwa vijana fulani ni takataka, humpata mtu wa kuutumikia popote, hata miongoni mwao.

Filamu ilikuwa imeshapigwa Machi 1991, mkazi mmoja wa Los Angeles aliporekodi kwa kamera yake polisi wakimpiga virungu Rodney King. Mwaka uliofuata, Aprili 29, 1992, maafisa wanne walioshtakiwa walipoachiwa, jiji likawaka moto kwa siku kadhaa na watu zaidi ya 50 wakafa. Watu waliorudi kuitazama Boyz n the Hood walisema ilikuwa imetoa onyo. Wazee wa pale walijua onyo lilianza zamani zaidi. Agosti 1965 mtaa wa Watts, katika eneo hilohilo la kusini mwa jiji, ulilipuka kwa siku sita na watu 34 wakafa. Mwaka mmoja baadaye, 1966, Maulana Karenga akaanzisha katika jiji hilohilo sikukuu ya Kwanzaa, yenye misingi saba kwa Kiswahili, Ujamaa ukiwa mmojawapo. Nia ni mwingine, na ndilo jina la Nia Long, mwigizaji wa Brandi. Tulipokuwa Tandika tukishangaa majani yao, hatukujua kuwa katika shida zao kuna walionyoosha mkono mpaka kwetu kutafuta maneno ya kujengea umoja.

Kushuka kwenye gari

Baada ya Ricky kuuawa, Tre anachukua bastola ya baba yake. Furious anamzuia mlangoni, anazungumza naye mpaka anaitoa. Kisha kijana anatoroka kwa dirishani na kupanda gari la Doughboy, kwenda kulipa kisasi. Katikati ya safari anaomba ashushwe. Doughboy anamsimamishia gari bila kumlaumu. Wengine wanaendelea, wanawakuta wauaji kwenye kibanda cha chakula, wanawaua. Tre anarudi nyumbani na kumkuta baba yake macho, akizungusha vijipira vyake mkononi. Hawasemezani.

Mwanangu mkubwa, anayesomea ufundi umeme VETA Chang'ombe, niliitazama naye akiwa na umri wa Tre. Nilimuuliza kwa nini Tre ameshuka. Nilitarajia aseme kwa sababu ya baba yake. Akafikiri, akasema, "Mama, Tre ameshuka kwa sababu ana kesho. Ana chuo, ana Brandi. Doughboy akishuka anakwenda wapi?"

Jibu lile lilinipa njia ya kuieleza filamu hii. Doughboy si mjinga. Akiwa na marafiki zake ndani ya gari anabishana habari za Mungu, na anataja kitabu alichokisoma jela. Mimi mwalimu nasikia hapo mwanafunzi aliyepotea: kijana anayesoma, anayehoji, ambaye kitabu kimemfikia gerezani. Alikamatwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi, kwa wizi wa dukani, yeye na rafiki yake Chris. Tunapomwona tena Chris, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kati ya miaka kumi na kumi na saba mtaa ule haukuwa na mahali pa kuwapeleka watoto hawa isipokuwa mahabusu. Tre alikuwa na watu wazima wawili, paa, kipato na matumaini ya chuo. Ndiyo maana aliweza kushuka. Mkono mmoja haulei mwana, na mikono ya Brenda pekee isingeweza kuzuia gari lile.

Asubuhi yake Doughboy anavuka barabara na kumwambia Tre maneno ambayo kwangu ndiyo moyo wa filamu. Anasema aliwasha televisheni, akaona habari za vurugu za nchi za mbali, lakini hakuna aliyetaja kifo cha ndugu yake. Anahitimisha kuwa ama nchi haijui, au haitaki kuonyesha, au haijali yanayotokea mtaani kwao. Anamwaga pombe iliyobaki chini, anaondoka, na maandishi yanatuambia aliuawa baada ya wiki mbili. Tre alikwenda chuo cha Morehouse kule Atlanta, na Brandi akawa karibu naye, Spelman.

Filamu ilipotoka, vurugu zilizuka kwenye baadhi ya majumba ya sinema, na mengine yakaiondoa, ingawa maneno ya mwisho kwenye skrini yanaomba amani iongezwe. Maisha hayakusubiri sinema iishe. Dedrick Gobert, aliyeigiza mmoja wa marafiki wa Doughboy, aliuawa kwa risasi mwaka 1994. Lloyd Avery II, aliyeigiza kijana anayemfyatulia Ricky bunduki, alifungwa kwa mauaji ya kweli, na mwaka 2005 akauawa humo gerezani.

Yaliyofuata

Sipendi kumwachia msomaji kilio peke yake, kwa sababu historia haikuishia kwenye kilio. Mwishoni mwa Aprili 1992, muda mfupi tu kabla ya moto ule kuwaka, vijana wa makundi hasimu ya Watts walifikia mkataba wa kusitisha mapigano. Walitumia mfano wa mkataba wa mwaka 1949 kati ya Misri na Israeli. Hawakuamriwa na polisi. Waliamua wenyewe, wakiongozwa na wenzao wakubwa waliochoka kuzika. Mwaka ule zaidi ya watu 1,000 waliuawa Los Angeles. Kufikia mwaka 2019, Singleton alipofariki, idadi ya mwaka ilikuwa chini ya 300. Sababu ni nyingi na wataalamu wanazibishania, lakini miongoni mwao wapo wakazi waliofanya kazi ya kila siku: waliowahi hospitalini kuzuia kisasi, waliofungua viwanja vya michezo usiku, akina mama waliotembea mitaani wakiwa na picha za watoto wao.

Filamu hii naitumia na wanafunzi wangu wa kidato cha tano na cha sita, baada ya kuwaambia wazazi kwamba ina matusi na damu. Siwaulizi nani alilelewa vizuri. Nawaambia waorodheshe kila mtu mzima ambaye angeweza kubadilisha safari ya Doughboy kati ya miaka kumi na kumi na saba: walimu wake, mwenye duka aliyemshtaki, polisi aliyemfunga pingu, jirani aliyekuwa akimwona kibarazani, sisi watazamaji tuliomshangilia kwa sababu anashika bunduki vizuri. Orodha huwa ndefu. Kisha nawaambia waandike orodha ya pili, ya watu wazima wa mtaani kwao, na mbele ya kila jina waeleze mtu huyo anaweza kufanya nini mwaka huu kwa mtoto anayeanza kupotea. Wengine wameandika jina la mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wengine la kocha wa timu ya chandimu, wengine la Mangi wa duka la kona, na mmoja aliandika la kwangu.

Wazazi wanaolea peke yao huniuliza kama wanaweza kuitazama na wavulana wao. Nawajibu ndiyo, watazame mpaka mwisho, na wasikubali mtu yeyote awaambie kwamba filamu hii inawahukumu. Inawahukumu wote walioiona nyumba ya Brenda kila siku wakasema ni shida yake. Ricky alikuwa amefaulu. Waliobaki na deni ni wale waliopaswa kuhakikisha kwamba kijana aliyefaulu anaweza kwenda dukani na kurudi.